Kinasi Hainasi Kitu: Uhakiki wa Sentensi Moja ya Biolojia kwa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wangu mmoja wa somo la tafsiri aliniletea sentensi yenye maneno tisa: "Kinasi za protini hudhibiti mzunguko wa seli katika hamira." Tulikuwa tumeketi kwenye kibanda cha chai hapa Kamwokya, mwendo mfupi kutoka Jumba la Makumbusho la Uganda. Niliisoma mara mbili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, nisipate pa kuitia wino. Ngeli zimekaa sawa, upatanisho ni sahihi, kiambishi hu- cha mazoea kiko mahali pake. Kwa kigezo cha sarufi, sentensi hii ingepata alama zote.

Kisha nikamwuliza, "Kinasi ni nini?"

"Ni kitu kinachonasa, mwalimu."

"Kinanasa nini?"

"Kinanasa seli."

"Halafu?"

"Kinaidhibiti."

Mama mwenye kibanda, ambaye muda wote alikuwa akisikiliza huku akikaanga mandazi, akageuka na kuuliza, "Jamani, nani tena amekamatwa?"

Tulicheka sana. Hata hivyo, nilipofika nyumbani niliona kwamba mama yule ndiye aliyekuwa msomaji bora kati yetu watatu. Aliisikia sentensi kama ilivyosema, si kama ilivyokusudia kusema. Makala haya yanaihakiki sentensi hiyo neno kwa neno. Shabaha yangu si kumdhihaki mwanafunzi, kwani sentensi za aina hii tunazitunga sote, walimu tukiwa mbele. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kuihamishia sayansi katika Kiswahili kwa kuhamisha nomino peke yake, na kuyaacha nyuma matendo. Ilhali lugha yetu utajiri wake mkubwa umo katika kitenzi.

Habari ya polisi

Tuanze na kosa la mama wa mandazi, ambalo kwa hakika si kosa. Kunasa ni kazi ya mtego: panya hunaswa, samaki hunaswa, mwizi hunaswa. Kudhibiti, katika taarifa za habari tunazozisikia kila siku, ni kazi ya askari: polisi walidhibiti ghasia, wanajeshi walidhibiti mpaka. Nayo seli, kabla haijawa chembe ya uhai, masikioni mwa watu wengi ni chumba cha kituo cha polisi ambamo mshukiwa hulazwa. Ukiyapanga maneno hayo matatu katika mstari mmoja, kinasi, hudhibiti, seli, umeandika habari ya mtu aliyekamatwa. Msomaji asiyejua biolojia hana njia nyingine ya kuielewa.

Tatizo hapa si neno moja. Seli ni istilahi iliyokwishazoeleka shuleni na hakuna haja ya kuiondoa. Kudhibiti ni kitenzi halali. Tatizo ni ujirani wa maneno. Wanaistilahi wetu hulipima neno likiwa peke yake, katika orodha, kama mchuuzi anavyopima sukari. Msomaji hulikuta neno ndani ya sentensi, likiwa na majirani zake, na majirani hao humbadilishia sura.

Hamira ipi?

Neno la mwisho katika sentensi ndilo linaloonekana jepesi kuliko yote. Hamira nani asiyeijua? Ingia duka lolote la Kamwokya utapewa pakiti ya punje za kahawia zinazoumua unga wa mkate. Ugumu ni kwamba, kwa mpishi, hamira ni kitu kama chumvi: huchotwa kwa kijiko, haihesabiki. Mwanabiolojia anapotaja hamira anamaanisha viumbe hai, kila kimoja seli moja, na punje moja ya dukani imebeba umati mkubwa wa viumbe hao. Mwalimu asipoanza na ukweli huo, mwanafunzi atajiuliza unga mkavu unawezaje kuwa na maisha, seachilia mbali kuzaa.

Aidha, hamira si ya aina moja. Uchunguzi wa jinsi seli inavyoamua kugawanyika umetegemea zaidi aina mbili. Ya kwanza ni Saccharomyces cerevisiae, ile ya mkate na bia. Hii huzaa kwa kuchipua: kijichipukizi hutokeza ubavuni mwa mama, hukua, kisha hujitenga. Ya pili ni Schizosaccharomyces pombe. Hii ina umbo la kijiti, hurefuka kwenye ncha zake, kisha hujenga ukuta katikati na kukatika kuwa mbili zinazolingana.

Naam, msomaji, umesoma sawasawa. Pombe iliyomo katika jina hilo ni pombe hii yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliitenga hamira hiyo kutoka katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaipa jina la kinywaji alichoikuta ndani yake. Tangu hapo neno la Kiswahili limekuwa likitamkwa katika maabara za Edinburgh, London, New York na Tokyo na watu ambao hawajui kuamkua kwa Kiswahili. Ukitembea jioni katika vitongoji vya Kampala ukawaona wanywaji wa malwa wamekizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, unawaona jamaa wa karibu wa kinywaji kilichotoa jina hilo, kwani malwa nayo ni pombe ya ulezi.

Wapenzi wa Kiswahili, nami nikiwamo, hupenda kujivunia habari hii. Lakini mhakiki hana budi kuweka mizani sawa. Kwanza, kwa desturi ya wataalamu, jina la Lindner huandikwa baada ya jina la kiumbe. Jina la aliyeipika pombe ile halimo. Pili, hamira inayotumika leo katika maabara nyingi za dunia haikutoka katika chungu cha Afrika Mashariki. Ukoo wake unarudi kwa hamira iliyotengwa Uswisi miaka ya 1920 kutoka katika maji ya zabibu ya Ufaransa, ikahifadhiwa Delft, Uholanzi, na kuchukuliwa huko na Urs Leupold katika miaka ya 1940. Kwa hiyo tulichotoa ni jina. Fahari ya jina bila maarifa ya kinachoitwa kwa jina hilo ni sawa na mtu anayejivunia kwamba barabara imepewa jina la babu yake, ilhali hajui inakokwenda.

Tuirudie tafsiri. Wapo watakaopendekeza tuiite "hamira ya pombe". Pendekezo hilo halifai, kwa sababu hata ile ya kwanza ni hamira ya pombe. Cerevisiae ni neno la Kilatini lenye asili ya bia. Wengine watasema "hamira ya kupasuka", kwa kuwa schizo ya Kigiriki ina maana ya kupasua. Hilo nalo lina hatari, maana kinachopasuka katika Kiswahili huwa kimeharibika: puto hupasuka, chungu hupasuka, tairi hupasuka. Seli iliyopasuka imekufa, haikuzaa. Mimi napendekeza hamira ya kuchipua na hamira ya kukatika kati. Majina hayo ni marefu kidogo, lakini yanasema ukweli, na mtoto anaweza kuyachora.

Kinasi za protini

Sasa tuingie kwenye kiima. Kinase ni jina la vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuhamisha fosfeti. Huichukua fosfeti kutoka katika ATP, ambayo ni kama hazina ya nishati ya seli, na kuitia katika molekuli nyingine. Kinase ya protini ni ile ambayo hutia fosfeti hiyo katika protini. Hainasi kitu. Asili ya jina ni Kigiriki, na maana yake ni kutia mwendo.

Utohozi, basi, umetuletea neno ambalo sauti zake zina mwenyewe tayari. Sikio la Mswahili likisikia ki- na -nas-, hukumbuka kinasa sauti. Halitaki ruhusa ya mtaalamu. Tena kuna swali la ngeli. Mwanafunzi wangu aliandika "kinasi za", akiliweka neno katika ngeli ya I-/ZI-. Mwenzake darasani aliandika "vinasi vya", kwa mfano wa kitabu na vitabu. Yupi amekosea? Hakuna. Neno lenyewe halijaamua makazi yake.

Zito zaidi ni lile neno dogo kuliko yote, kihusishi -a. Tunasema kikombe cha chai, kikombe cha udongo, kikombe cha mama. Cha kwanza kinahusu matumizi, cha pili kinahusu kilichokitengeneza, cha tatu kinahusu mwenye mali. Je, "kinasi za protini" ni zipi? Ni zilizotengenezwa kwa protini? Ni kweli, maana vimeng'enya hivi vyenyewe ni protini. Ni mali ya protini? Hapana. Ni zinazotenda kazi juu ya protini? Hiyo ndiyo maana iliyokusudiwa, na ndiyo ambayo msomaji hawezi kuipata kwa kutazama -a peke yake. Lugha ina njia ya kuondoa utata huu, nayo ni kauli ya kutendea: kinasi inayozitilia protini fosfeti. Kiambishi kimoja cha kitenzi kimefanya kazi iliyomshinda kihusishi.

Mzunguko

Mzunguko wa seli ni istilahi inayostahili kutetewa kuliko zote katika sentensi hii, lakini si bila maelezo. Mwanafunzi wa sekondari huja nayo akiwa ameshasoma mzunguko wa damu na mzunguko wa maji. Katika yote mawili kitu kinasafiri na kurudi kilikotoka. Atadhani seli inazunguka mwilini, au inajizungusha kama pia. Mzunguko wa hedhi ungemsaidia zaidi, kwa sababu hapo kinachozunguka ni wakati. Hata huo haumfikishi mwisho, kwa kuwa seli ikimaliza mzunguko wake hairudi ilipoanza. Iliondoka moja, zimewasili mbili, na kila moja inaanza safari yake.

Napendekeza mwalimu alitumie neno mzunguko huku akilieleza kwa matendo manne: seli hukua, hunakili kromosomu zake, hukua tena, hugawanyika. Baadhi ya walimu hupenda neno duru, na wana hoja, maana duru ya pili si marudio ya duru ya kwanza. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na yule anayeandika istilahi ubaoni, akaipigia mstari chini, akaendelea na somo.

Hudhibiti vipi?

Tumefika kwenye kiini. Kitenzi ndicho moyo wa sentensi, na kitenzi cha mwanafunzi wangu ni hudhibiti. Kinatuambia kwamba kuna mwenye mamlaka na mwenye kutii. Hakituambii kinafanyika nini. Ili kuona tulichopoteza, yafaa tuipitie habari yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Leland Hartwell, Mmarekani aliyekuwa Seattle, alikuwa akitafuta hamira za kuchipua zenye kasoro ya jeni ambazo hushindwa kugawanyika joto likipanda. Kila aina ilikwama katika hatua yake, nayo kwa kukwama huko ikafichua jeni inayohitajika katika hatua hiyo. Katika miaka hiyohiyo kijana Mwingereza, Paul Nurse, alijiunga na maabara ya Murdoch Mitchison huko Edinburgh, Uskoti, akaanza kufanya kazi kama hiyo kwa hamira ya kukatika kati, yaani pombe.

Nurse aliona jambo ambalo wengi wangelipuuza. Hamira hii kwa kawaida hukatika ikiwa imefikia urefu wa takriban elfu 14 za milimita, yaani sehemu 14 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Lakini baadhi ya seli zake zilikuwa zikikatika zingali fupi, karibu nusu ya urefu huo. Hazikushindwa kugawanyika. Zilikuwa na haraka. Maana yake ni kwamba kuna kitu ambacho kwa kawaida huizuia seli hadi ifikie kimo, na katika seli hizi kitu hicho kilikuwa kimeharibika. Waskoti husema wee kwa maana ya -dogo. Nurse akaliokota neno hilo la mtaani na kuiita jeni ile wee1.

Hapo walimu wa lugha tusimame kidogo. Hakuitisha kamati ya kutafuta neno la Kigiriki. Alitumia neno analotumia mama wa Edinburgh kumwita mwanawe. Lindner naye alitumia neno la kilabu cha pombe. Sayansi, ambayo sisi tunaiendea kwa istilahi zilizovaa suti, yenyewe huenda sokoni bila viatu.

Jeni ya Wee1 hutoa protini ambayo ni kinase. Jeni nyingine, cdc2, nayo hutoa kinase, na hiyo ndiyo inayoipeleka seli kwenye kugawanyika, ikishirikiana na protini iitwayo saiklini. Saiklini iligunduliwa na Tim Hunt mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mayai ya wanyama wa baharini. Huongezeka kadiri mgawanyiko unavyokaribia, kisha huharibiwa ghafla. Cdc2 ikifanya kazi, hutia fosfeti katika protini nyingi, nazo hubadilika mwenendo: kromosomu hukazwa, nyuzi za kuzivuta hujengwa, seli huingia katika mgawanyiko. Sasa, Wee1 huizuiaje Cdc2? Kwa kuitia fosfeti. Kathleen Gould na Nurse walionyesha mwaka 1989 kwamba fosfeti hiyo hutiwa mahali mahususi, kwenye tairosini ya 15 katika mnyororo wa Cdc2. Ikiwepo, Cdc2 hunyamaza. Protini ya tatu, Cdc25, huiondoa fosfeti hiyo, na Cdc2 huamka. Hamira isiyo na Wee1 hukatika mapema, ikawa fupi. Hamira ambayo Cdc25 yake imeharibika hurefuka na kurefuka bila kukatika.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiisikia habari hii kwa makini, anapaswa kuruka kitini. Hapa pana kitendo na kinyume chake: mmoja anatia, mwingine anatoa kilekile kilichotiwa. Sarufi yetu ina kauli maalumu kwa jambo hilo, kauli ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Na iliyo karibu zaidi na habari yetu: bandika, bandua. Wee1 huibandika Cdc2 fosfeti, Cdc25 huibandua. Mwisho wa kitenzi tu ndio uliobadilika, na mwanafunzi ameshika kile ambacho "hudhibiti" kilimficha. Ameelewa pia kwamba Cdc2 ni mbandikaji ambaye naye hubandikwa, na hiyo ndiyo siri ya mfumo mzima.

Sitaki kulitia neno hili chumvi. Bandika lina mipaka yake. Hulitumia kwa tangazo ukutani na plasta kwenye kidonda, ambapo gundi ndiyo inayoshika, ilhali fosfeti hushikana na protini kwa kifungo cha kikemia. Tena jikoni tunabandika chungu ili kazi ianze, na Wee1 hubandika ili kazi isianze. Lakini ugumu huo wa pili ni somo lenyewe. Kitendo ni kilekile, matokeo hutegemea kilichobandikwa na mahali kilipobandikwa. Wee1 ikibandika, Cdc2 hulala. Cdc2 ikibandika, seli nzima huamka. Askari wa habari yetu ya polisi asingeweza kutufundisha hilo, maana yeye anajua kukamata tu.

Wala njia hii si ngeni kwa majirani zetu. Waganda chachu huiita ekizimbulukusa. Ndani ya jina hilo kuna kitenzi cha kuumuka chenye kiambishi cha kusababisha: ni kile kinachofanya kitu kiumuke. Kiswahili nacho kina umua na umuka, na kina chachu, iliyotoka katika kuchacha. Wazee wetu waliipa hamira jina kwa kutazama inafanya nini.

Je, litakubalika?

Mwanaisimu wa Uganda, K. B. Kiingi, alipendekeza vigezo vya kupimia istilahi ambavyo wanafunzi wetu huvijua kwa kifupi cha PEGITOSCA. Miongoni mwake mna usahihi, iktisadi, uwezo wa kuzaa maneno mengine, ukimataifa, uwazi wa maana na kukubalika. Tukiipima "kinasi", inapata alama nzuri katika iktisadi na ukimataifa, na inaanguka katika uwazi. "Kibandikafosfeti" ingepata kinyume chake. Ndiyo maana sisemi tulitupe neno la kimataifa. Daktari wa kesho atalihitaji atakapokaa na wenzake wa nchi nyingine. Nasema lisiingie darasani peke yake. Liingie likiongozana na kitenzi chake, kama mgeni anavyoingia na mwenyeji.

Kigezo cha kukubalika kina uzito wa pekee Uganda. Mwanafunzi mmoja alipendekeza wee1 tuiite kadogo. Kwa maana, ni tafsiri nzuri kabisa. Lakini hapa kadogo ni neno lenye historia. Ndivyo walivyoitwa watoto waliobeba bunduki katika vita vya miaka ya 1980. Kiswahili chenyewe kilibeba kwa muda mrefu harufu ya kambi na vizuizi vya barabarani, na bado wapo wazee ambao wakikisikia hukumbuka buti. Sentensi ya sayansi inayosikika kama habari ya kukamatwa mtu, katika mji huu, si utani tu. Inathibitisha dhana mbaya ambayo walimu wa Kiswahili wa Uganda wamekuwa wakipambana nayo. Hata pombe italeta maneno: mzazi mlokole akilikuta neno hilo katika daftari la biolojia la binti yake, huenda akapiga simu shuleni. Ajibiwe kwa upole kwamba ni jina la kiumbe, na kwamba binti yake hakufundishwa kunywa.

Baadhi ya wasomaji watauliza, haya yote yana faida gani kwa mtu wa Kamwokya? Nawajibu kwa mambo mawili. La kwanza ni shule. Katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, Kiswahili na biolojia yote ni masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili nchini Uganda. Mtoto yuleyule huyasoma yote mawili katika wiki moja, moja kwa Kiingereza, jingine kwa vifungu vya habari kuhusu sokoni na safarini. Hakuna kinachotuzuia kumpa kifungu cha ufahamu kuhusu hamira.

La pili ni hospitali. Kutoka Kamwokya kwenda Mulago ni mwendo wa miguu. Huko ndiko Denis Burkitt alikoandika, mwaka 1958, kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unajulikana kwa jina lake, na huko ndiko ilikoanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka 1967. Saratani, kwa ufupi, ni seli zinazogawanyika pasipo kusikia neno la kuzisimamisha. Mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse walichukua hamira ambayo cdc2 yake ilikuwa imeharibika, wakaipa jeni za binadamu, na mojawapo ikaiponya. Hamira ikaanza kugawanyika tena. Jeni ile ya binadamu ilifanya kazi ya cdc2 ingawa wazazi wa viumbe hao wawili walitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ugunduzi huo wa vidhibiti vya mzunguko wa seli uliwapa Hartwell, Hunt na Nurse Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2001. Hivi leo kuna dawa za saratani ya matiti zinazofanya kazi kwa kuzuia kinase za jamii hiyohiyo. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2015.

Sasa mfikirie mama aliyekimbia vita kutoka Bukavu, ambaye Kiingereza hakijui na Luganda hajakizoea, ameketi Mulago na mtoto mwenye uvimbe. Muuguzi na yeye wanakutana katika Kiswahili. Akiambiwa kwamba kinasi zimeshindwa kudhibiti mzunguko wa seli, atatoka hapo na hofu na neno "seli". Akiambiwa kwamba ndani ya mwili kuna vitu vinavyofunga na vitu vinavyofungua, na kwamba kwa mtoto wake mlango umebaki wazi, atakuwa na swali la kuuliza. Mgonjwa mwenye swali ni mgonjwa aliyeshirikishwa.

Hitimisho

Nilimrudishia mwanafunzi wangu sentensi yake, tukaiandika upya pamoja, kwenye kibanda kilekile. Hii ndiyo iliyopatikana:

"Hamira ni viumbe hai, kila kimoja seli moja. Ndani ya hamira iitwayo pombe kuna protini, Cdc2, ambayo huiamsha seli ili igawanyike. Seli ikiwa bado fupi, protini nyingine, Wee1, huibandika Cdc2 fosfeti, ikanyamaza. Seli ikishafikia kimo, Cdc25 huibandua fosfeti hiyo. Cdc2 huamka, nayo huzibandika fosfeti protini nyingi, na seli hukatika katikati zikawa mbili. Protini zinazobandika fosfeti namna hii, kama Wee1 na Cdc2, huitwa kinasi."

Maneno tisa yamezidi sitini. Mwenye kujali iktisadi atanuna. Lakini tazama kilichotokea kwa istilahi: imehamia mwisho wa kifungu, ikaja baada ya kazi yake kueleweka, kama mtu anavyotambulishwa kwa jina baada ya kuonekana akilima. Tazama pia kwamba neno hudhibiti limetoweka, na hakuna aliyelikosa.

Mama wa mandazi tulimsomea kifungu hicho. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo wa kubandua, nani anamwambia kwamba wakati umefika?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ni swali ambalo watafiti wameshughulika nalo kwa miongo kadhaa: seli hupimaje kimo chake yenyewe? Nawaachia walimu wenzangu kazi ya nyumbani. Chagueni sentensi moja ya sayansi kutoka katika vitabu mnavyovitumia, mwisomee mtu asiyekuwa mwanafunzi wenu, kisha mmsikilize atauliza nini. Akiuliza nani amekamatwa, rudini mkaiandike upya.